Kapasita ya Tisa

Saa tatu na robo asubuhi vifaa viwili vilikuwa vimewekwa ubavu kwa ubavu juu ya meza ya maabara ya Ofisi ya Hataza, na Bi Sifuri alikuwa amekwisha kuvizunguka mara tatu bila kuvigusa.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na makarani wa ofisi, kwa sababu kila shauri aliloletewa alilianza upya kabisa, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kufungua kinywa juu yake. Mwingine angenuna. Yeye alilivaa kama nishani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na hakuna ripoti yake hata moja iliyowahi kurudishwa.

"Jopo linakaa saa nane," Karani alimkumbusha, akichovya andazi kwenye chai. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, asiyeishiwa mzaha, na kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kuandika kila kitakachofanyika chumbani humo, maana sheria ilitaka kila hatua iwe na shahidi. "Na mimi mkono wangu ukichoka huwa naandika matusi."

"Basi andika hili kabla hujachoka. Vifaa viwili, kazi moja."

Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza mabomba ya maji yanayovuja chini ya ardhi. Kifaa cha kushoto kilikuwa kwenye kopo la bati lililokatwa kwa mkono. Kilitengenezwa na fundi wa idara ya maji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye wenzake walimwita Sikio. Cha kulia kilikuwa kwenye kasha jeusi la plastiki, laini kama kokwa, chenye nembo ya kampuni. Kila upande uliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, na kila upande ulidai umeibiwa na mwenzake. Sikio alisema miaka miwili iliyopita alikwenda kwenye kampuni hiyo na mchoro wake ndani ya flashi, akiomba atengenezewe bodi kumi za saketi. Wakamwambia kitu chenyewe hakina maana. Kampuni ilisema haijapata kumwona. Karatasi ya kuthibitisha hakuwa nayo. Akishindwa leo, ataondoka na jina la mwizi, na idara ya maji ilikwisha mwandikia kwamba haina nafasi ya wezi.

Tarehe za kwenye mafaili Bi Sifuri hakuzitazama hata kidogo. Tarehe ya kompyuta hubadilishwa na mtoto wa shule. Alichukua mchoro wa kila upande, akauingiza mwenyewe kwenye programu ya kompyuta ya kuiga saketi za umeme, rezista kwa rezista, kapasita kwa kapasita, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme na vya kuuhifadhi. Ilimchukua muda wa saa nzima. Karani alisimama nyuma yake akilinganisha namba.

"Haya hayafanani hata kidogo," alisema hatimaye. "Huyu ana rezista ya laki mbili, yule laki tatu. Huyu kapasita ya mia moja hamsini, yule mia moja. Nimetafuta namba moja tu iliyo sawa, sijaiona."

"Wanasheria wa kampuni wameandika hivyohivyo. Ukurasa wa nne."

"Na mchoro wenyewe umekaa kichwa chini miguu juu."

"Kugeuza mchoro ni kama kugeuza shati. Tuone unavyoenda."

Aliiambia programu ipitishe sauti ndani ya saketi zote mbili, kuanzia mvumo mzito hadi mluzi mwembamba, na ichore kinachotoka. Mistari miwili ikajitokeza kwenye skrini. Mmoja ulikuwa juu ya mwingine, mbali kiasi cha kutosha mtu kupitisha kidole katikati.

"Basi ndugu zangu, kesi imekwisha," Karani alisema. "Vitu viwili mbalimbali. Kila mtu apewe chake aende kwao."

Bi Sifuri alisogea karibu na skrini. Alikuwa anaitazama mistari ile jinsi mshonaji anavyoitazama nguo iliyoshonwa na mtu mwingine. Mmoja ulikuwa juu, ndiyo. Lakini ulipojikunja, mwenzake nao ulijikunja. Mahali palepale.

"Huo ni mwenendo wa nje," alisema. "Mtu anaweza kuvaa viatu virefu, akaonekana mrefu. Nataka kuona kitanzi."

Karani aliinua kalamu. "Kitanzi ndiyo nini? Nisije nikaandika kamba."

"Kikuzaji sauti chochote kizuri hujisikiliza. Sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mlangoni, ili kijirekebishe. Ile safari ya kutoka, kurudi, na kutoka tena, ndiyo kitanzi. Nataka kujua sauti ikizunguka mara moja inakua kiasi gani, na inachelewa kiasi gani."

"Sasa si ukate waya upime?"

"Nikikata waya, kikuzaji kinapoteza mwongozo wake. Kinalala. Utakuwa unampima maiti joto." Alisogeza kipanya, akachagua waya mmoja tu kwenye mchoro wa Sikio, ule wa kurudisha sauti nyuma, akapachika katikati yake chanzo kidogo cha majaribio. "Hivi kitanzi kinabaki kizima. Namtekenya tu, nasikiliza anavyocheka."

Akafanya hivyohivyo kwenye mchoro wa kampuni. Kisha akaiamuru programu isichore mistari, bali itoe orodha: ncha zote za kitanzi, na sifuri zake zote.

"Ncha ni pale kitanzi kinapoanza kuchoka," alimwelezea Karani huku wakisubiri. "Sauti inapungua, inachelewa. Sifuri ni pale kinapopata nguvu tena. Ncha zikizidi na hakuna sifuri ya kuziokoa, sauti inarudi imechelewa mno, na kifaa chote kinapiga mayowe, kama spika ya mkutanoni mtu akiisogelea na kipaza sauti."

"Kumbe sifuri ni mwokozi! Na sisi tulidhani tunakutania."

Orodha zikatoka, moja kushoto, moja kulia. Bi Sifuri alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Kitanzi cha Sikio: ncha kwenye hezi kumi, yaani mitetemo kumi kwa sekunde, ncha kwenye hezi mia nne themanini na mbili, sifuri kwenye hezi elfu tano mia tatu na tano.

Kitanzi cha kampuni: kumi. Mia nne themanini na mbili. Elfu tano mia tatu na tano.

Andazi la Karani lilianguka ndani ya chai.

"Lakini namba zote ni tofauti!"

"Laki mbili mpaka laki tatu, umezidisha kwa ngapi?"

"Kwa... moja na nusu."

"Mia moja hamsini mpaka mia?"

Karani alihesabu kwa vidole. "Umegawanya. Kwa moja na nusu." Akashusha kidole mstari unaofuata. "Na hii elfu moja mia tano, mwenzake elfu moja. Moja na nusu tena!"

"Ukizidisha kila rezista ya kitanzi na ukagawanya kila kapasita kwa namba hiyohiyo, mchoro unabadilika wote machoni, lakini ncha na sifuri hazisogei hata unywele. Aliyefanya hivi anajua hesabu." Alisema hivyo bila hasira; kazi safi aliitambua hata ilipokuwa ya mwizi. "Andika: mmoja amemnakili mwenziwe. Saa nne na dakika hamsini."

"Nani amemnakili nani?"

"Hapo ndipo kwenye kazi."

Alichukua bisibisi, akafungua kasha na kopo, akazihesabu kapasita kwa ncha ya kalamu. Kwenye bodi ya kampuni zilikuwa tisa. Kwenye bodi ya Sikio zilikuwa nane.

Akahesabu tena. Nane. Akarudi kwenye mchoro wa Sikio: tisa. Ile ya tisa, ya elfu moja mia tano, iliyochorwa pale mlangoni sauti inapoingilia, kwenye bodi haikuwepo. Hata tundu lake halikuwepo.

Karani aliona uso wake. "Ni mbaya?"

"Mtu anayenakili kitu asichokielewa huruka vipande," Bi Sifuri alisema polepole. "Mchoro una tisa, bodi ina nane. Mwanasheria wa kampuni akiliona hili, atalipigia ngoma."

"Na wewe ulikuwa umeanza kumpenda yule binti."

"Kupenda kwangu hakuingii kwenye ripoti. Andika: bodi ya Sikio imepungukiwa kapasita moja." Alingoja mpaka kalamu ilipotulia. "Sasa niitie Mkurugenzi. Halafu yule binti. Mmojammoja, na wasikutane mlangoni. Nitawauliza swali moja."

Mkurugenzi wa kampuni aliingia na harufu ya manukato mazuri, akavuta kiti bila kuambiwa. Alikuwa mtu wa sauti ya taratibu, aliyezoea kusikilizwa.

"Nimesikia sifa zako, mama," alisema. "Nafurahi shauri limeangukia mikono ya mtaalamu."

"Ahsante. Mchoro huu umeuchora wewe?"

"Kwa mkono wangu. Miezi saba."

"Hongera. Hii kapasita ya tisa, hapa mlangoni. Kazi yake nini?"

Hakuitazama. "Kichujio. Inaondoa kelele."

"Kelele za namna gani?"

"Za kawaida. Kila kifaa kina kelele, mama, wewe unajua."

"Ukiitoa?"

"Haiwezekani kuitoa. Ukiitoa, kitanzi kinapoteza utulivu. Kifaa kitapiga mayowe." Alitabasamu. "Nguzo ya nyumba, hiyo."

"Una uhakika?"

"Naweza kutia saini."

"Karani atakupa kalamu," alisema Bi Sifuri, na Mkurugenzi, akicheka, akatia saini kweli chini ya maneno yake mwenyewe.

Sikio aliingia na mkoba mkubwa wa turubai begani. Viatu vyake vilikuwa na matope makavu pembeni. Alisimama mpaka alipoonyeshwa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala?"

"Kidogo. Mama yangu yuko hapo nje kwenye korido. Nilimwambia abaki nyumbani, akaniuliza nyumbani kuna nini."

Bi Sifuri alimgeuzia skrini. "Mchoro huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Kapasita ya tisa, kazi yake nini?"

Sikio alitazama mahali kidole kilipokuwa, kisha akamtazama Bi Sifuri kama mtu aliyeulizwa mlango wa nyumba yake uko wapi. "Hiyo si kapasita, mama."

Kalamu ya Karani ilisimama.

"Imechorwa kapasita," alisema Bi Sifuri.

"Imechorwa, ndiyo, kwa sababu programu haina alama ya ninachokitaka. Hiyo ni kebo." Alifungua mkoba, akatoa mzingo mzito wa kebo nyeusi iliyochubuka, yenye kipokea sauti kidogo cha shaba mwishoni. "Mabomba yetu yako chini sana. Nashusha kipokea sauti kwenye shimo, mita kumi na tano, mimi niko juu. Sasa kebo ndefu hivi hujihifadhia umeme kama kapasita, upende usipende. Mara ya kwanza niliisahau kwenye mchoro. Kompyuta ikaniambia kila kitu shwari. Nikaenda kazini, kifaa kikapiga yowe, wakatoka majirani wakidhani nimeumwa na nyoka."

Karani alikohoa ili asicheke.

"Kebo ndiyo inayoleta ile ncha ya mia nne themanini na mbili," Sikio aliendelea. Mikono yake ilikuwa imeanza kusema pamoja naye. Woga ulikwisha mtoka bila yeye kujua. "Inachelewesha kitanzi. Nikakaa nayo wiki sita. Nilijaribu kapasita hamsini na ngapi sijui, mpaka nikapata ya kuleta sifuri mahali pa kuituliza. Ni hii ya mia moja hamsini. Hii ndogo ndiyo iliyonitoa jasho. Ile kubwa mimi sikuinunua, mama, imekuja na kebo."

Bi Sifuri aligeukia meza yake. Alivuta droo, akatoa mita ya kupimia kapasita, akaigusisha kwanza kwenye kapasita ya majaribio ambayo kipimo chake kinajulikana, ili Karani aone inasoma sawa. Kisha akachomoa kipokea sauti, akashikisha mita kwenye ncha za kebo.

Elfu moja mia nne tisini na saba.

"Soma wewe," alimwambia Karani.

Karani alisoma kwa sauti, kisha akaandika. "Yule bwana," alisema, "ame... ameinunua kebo ya watu dukani, ikiwa kapasita?"

"Andika namba tu. Mengine utaandika saa nane."

Jopo lilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa mzee mkavu asiyependa hotuba. Mkurugenzi alikaa na wanasheria wawili upande mmoja, Sikio peke yake upande wa pili. Bi Sifuri alisoma orodha ya ncha na sifuri, akaeleza ile moja na nusu. Mwanasheria mkubwa alikuwa amejiandaa. Alisimama kabla Bi Sifuri hajamaliza.

"Mwenyekiti, tunakubali kuna kufanana. Ndiyo malalamiko yetu! Huyu dada amenakili. Tena kwa haraka, mpaka kapasita moja akaisahau. Zihesabuni. Zetu tisa, zake nane."

Minong'ono ikapita mezani. Mwenyekiti alimgeukia Bi Sifuri. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mwenyekiti. Na Mkurugenzi ametia saini kwamba hiyo ya tisa ikitolewa, kifaa chake kitapiga mayowe. Naomba ruhusa yake niitoe."

Mkurugenzi alifungua mikono. "Karibu."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kimekwisha pata moto. Kwanza aliwasha kifaa cha kampuni jinsi kilivyokuja, akakiunganisha na spika ndogo, akaliweka bomba la majaribio lenye maji na tundu dogo mbele ya kipokea sauti chake, ambacho kilikuwa kimekaa ndani ya kasha lenyewe, mbali na bodi kwa urefu wa kidole kimoja. Spika ikatoa mvumo mkubwa kama mafuta yanayochemka, na ndani yake, kwa mbali, maji. Kisha akainama, akagusa ncha moja ya kapasita ya tisa, akagusa ya pili, akaiinua kwa koleo na kuiweka juu ya karatasi nyeupe mbele ya mwenyekiti.

Hakuna yowe lililotoka.

Mvumo ulizimika. Maji yakabaki peke yake, safi, tone kwa tone, wakayasikia hata waliokaa nyuma kabisa.

"Kifaa cha kampuni hakina kebo," alisema Bi Sifuri. "Kapasita hii ilikuwa inakiharibia kazi tangu siku kilipotengenezwa, kwa kukikuzia kelele zake chenyewe. Hakuna mtu anayebuni kitu akakiwekea mzigo usio wake. Mchoro wa fundi wa idara ya maji unaonyesha kebo yake ya mita kumi na tano, na kebo tumeipima mbele ya shahidi. Aliyenakili aliona alama ya kapasita, akadhani ni kapasita. Akaigawanya kwa moja na nusu pamoja na nyingine, akaagiza, akailehemu."

Mwenyekiti aliitazama ile punje ndogo kwenye karatasi. "Mkurugenzi. Kwa nini uliiweka?"

Mkurugenzi alifungua kinywa. Akaitazama bodi, akamtazama mwanasheria wake, na mwanasheria wake alikuwa anatafuta kitu kwenye mfuko wa koti.

"Ilikuwa kwenye mchoro," alisema.

Baada ya hapo hapakuwa na mengi. Jopo lilinong'onezana kwa dakika nne kwa saa ya ukutani. Mwenyekiti akamwita Sikio kwa jina lake kamili, la kwake na la baba yake, akamwambia hataza ni yake, na barua itakwenda idara ya maji leo hii kwa mkono wa mtu. Sikio alisema ahsante mara moja tu, kisha akaanza kuizungusha kebo yake na kuirudisha mkobani.

Bi Sifuri alifunga faili lake, akatoka. Koridoni, kwenye benchi la mbao, alikuwapo mwanamke mzee aliyejifunga kitambaa cha bluu, mkoba umewekwa mapajani na kushikwa kwa mikono miwili. Benchi la pili lilijaa madereva na watumishi wa kampuni, pamoja na wafanyakazi wawili wa idara ya maji waliotumwa kuja kusikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa unampima binti yangu?"

"Nilikuwa napima kifaa chake."

"Ni kitu kilekile." Mzee alimtazama usoni bila kupepesa. "Niambie wewe. Yeye huwa ananificha ya kuniumiza."

Bi Sifuri aliinama kidogo. "Kifaa ni cha mwanao, mama. Alikibuni mwenyewe, kwa akili yake mwenyewe. Hakumwibia mtu. Na nimefanya kazi hii miaka mingi. Kazi safi kama yake nimeiona mara chache sana."

Mwanamke mzee aliinua kidevu. Alikirekebisha kitambaa chake kichwani, akashusha mkoba sakafuni, akakaa wima mpaka mgongo ukaachana na benchi. Kisha akageuza macho kwa wale wa benchi la pili, akawapitia mmojammoja, akarudi kwa Bi Sifuri.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Rudia. Na uinue sauti, wale wa mwisho kule nao wasikie."

Ripoti za Ofisi ya Hataza hazisomwi koridoni. Bi Sifuri aliijua kanuni hiyo. Sehemu yake aliiandika yeye. Alilifungua faili, akasimama katikati ya korido miguu imeachana, akasafisha koo, na kuanza kwa jina kamili la binti.